Ujiji Katika Mizani ya Chuo Kikuu

Dunia inaijua Ujiji kwa salamu moja, na salamu hiyo haikutolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone katika mji huo wa pwani ya Ziwa Tanganyika, akamwamkia kwa Kiingereza, na maamkizi yale yakasafiri mbali kuliko mji wenyewe. Waliosimama kuwazunguka wageni wale wawili, watu wa Mrima, Waarabu, Wajiji, Wamanyema na wapagazi wa Kinyamwezi, walikuwa na lugha ya kuwasilianisha. Leo lugha hiyo inasomeshwa katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Zanzibar, na katika vyuo kadhaa vya Ulaya na Marekani. Lakini katika somo la fasihi ya lugha hiyo hiyo, Ujiji imebaki pale pale Stanley alipoiacha: mahali wanapokutania watu wengine.

Neno ujumuishi limepata sauti kubwa vyuoni katika miaka ya karibuni. Mara nyingi huhesabiwa kwa vichwa: wanawake wangapi wamepokewa, wenye ulemavu wangapi, waliotoka mikoa ya pembezoni wangapi. Hesabu hizo si za kubezwa, na Tanzania ina historia yake nazo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana apite kwanza kazini na katika Jeshi la Kujenga Taifa kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Haikupita muda mrefu ikaonekana kwamba kanuni ile inapunguza idadi ya wanawake, ikabidi walegezewe. Funzo lake halijachuja: kipimo kinachoonekana sawa kwa wote chaweza kumwacha nje mtu ambaye hakukumbukwa siku kilipotungwa.

Idara ya fasihi ina mlango wa pili, usiohesabiwa na mtu. Mlango huo ni orodha ya vitabu vya kusomwa, pamoja na kalamu nyekundu ya msahihishaji. Mwanafunzi aliyezaliwa Buzebazeba au Rusimbi aweza kupita mlango wa kwanza kwa alama nzuri, akapewa kitanda na kadi ya maktaba, kisha akafika mlango wa pili akatakiwa auache ulimi wake nje kama viatu.

Na itazamwe mfano wa kitabu kimoja kinachoheshimika kwa haki, Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1999. Ndani yake mna Utendi wa Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona. Lugha ya tenzi hizo si Kiswahili Sanifu. Kijana wa Songea au Dodoma hukutana humo na maneno ya Kiamu ambayo hajapata kuyasikia, na mhariri humshika mkono na kumfasiria. Hajatokea mwalimu wa kusema kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikosea kwa kuwa hakuandika kama kamusi inavyotaka. Neno gumu la Lamu huitwa hazina. Neno lisilozoeleka la Ujiji, likitokea katika insha ya mwanafunzi, liko katika hatari ya kupigwa mstari na kuitwa kosa, au kuitwa Kikongo, au kuitwa athari ya lugha ya mama.

Hapo ndipo lilipo shina la jambo. Chuo Kikuu hakiwezi kusema kwamba hakijui kufundisha Kiswahili kisicho sanifu. Kimekuwa kikikifundisha miaka yote, kwa ustadi na kwa mapenzi, ilimradi kitoke mwambao wa Bahari ya Hindi na kiwe na umri wa karne au zaidi. Kinachokosekana Ujiji si njia ya kusomeshwa. Ni heshima ya kuhesabiwa miongoni mwa wenye lugha.

Wala Ujiji si mji wa jana katika Kiswahili. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ziwani mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwishatangulia. Baadaye mji ukawa chini ya Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyepandisha bendera ya Sultani wa Zanzibar. Misikiti ikajengwa, kanzu na leso zikavaliwa, tarika ya Kadiria ikaingia na dhikri zake. Walioujaza mji huo hawakuwa watu wa pwani peke yao. Wengi walikuwa Wamanyema, waliovushwa kutoka magharibi ya Ziwa, ama wakiwa watumwa, ama wafuasi wa misafara, ama wakimbizi wa vita vilivyoletwa na misafara hiyo.

Watu hawa walifanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa semantiki angepaswa kulijua. Walilichukua neno muungwana, ambalo pwani lilikuwa na maana ya mtu huru asiye mtumwa, wakalivaa wao. Katika nchi za Ziwa, muungwana akawa mtu wa mjini, mwenye dini, mwenye Kiswahili, hata kama mama yake aliletwa na kamba shingoni. Kutokana na neno hilo kikapata jina lake Kingwana, Kiswahili kilichovuka Ziwa na kuenea mashariki ya Kongo. Kwa hiyo lile jina ambalo wasomi wengi hulitaja kwa dharau kidogo, kana kwamba Kingwana ni Kiswahili kilichovunjika, ndani yake lina dai la utu. Waliolitunga walikuwa wakisema: na sisi tumo.

Je, Chuo Kikuu kimelijibu vipi dai hilo? Kimeisoma Ujiji, na kimeisoma vizuri. Beverly Brown aliandika tasnifu ya historia ya mji huo katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1973. Sarufi ya Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, ya Lotta Harjula, ilichapishwa Ujerumani mwaka 2004. Philip Gooding alitoa Cambridge mwaka 2022 kitabu kinacholiweka Ziwa Tanganyika katika dunia ya Bahari ya Hindi, hoja ambayo msomaji wa visiwani angeifurahia mno. Kazi zote hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Ujiji aliyehojiwa, au mjukuu wake aliyeko kidato cha sita, akitaka kusoma habari za mji wake, hana budi aazime lugha nyingine kwanza. Ujiji inasomwa, lakini yenyewe haijapewa cha kusoma.

Tukirudi kwenye maandiko ya Kiswahili chenyewe, hali ni ya kutatanisha zaidi, kwa sababu maandiko yapo. La kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode huko Berlin mwaka 1902 na 1903, kisha yakafasiriwa kwa Kiingereza na W. H. Whiteley. La pili ni habari za safari ya Sleman bin Mwenyi Tshande kutoka Bagamoyo hadi Tanganyika, iliyoingizwa na Carl Velten katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Nathari hii ni miongoni mwa nathari za mwanzo za Kiswahili zilizochapishwa, tena ina mwendo wake: sentensi fupi zinazofuatana kama wapagazi njiani, kila moja na mzigo wake, bila ya pambo. Mhakiki anayependa lugha hana budi kuisifu.

Lakini sifa hiyo haiondoi swali la nani anayesema. Katika maandiko yote mawili anayesema ni mtu aliyetoka pwani. Tippu Tip huhesabu pembe na frasila, hutaja masultani aliowapiga na njia alizopita. Mpagazi aliyezibeba pembe hizo hana sentensi yake. Hili si kosa la kumlaumu mwandishi wa wasifu, maana kila mtu hueleza maisha yake. Ni kosa la mtaala uliomwachia yeye peke yake kuieleza nchi nzima, au, mara nyingi zaidi, usiomsomesha hata yeye, ukawaachia wanahistoria.

Mkusanyo wa Velten unaleta kisa kingine kinachohusu moja kwa moja suala la nani ana nafasi chuoni. Mtu aliyemsaidia Velten zaidi kuliko wote alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli iliyotoka mwaka 1903. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Wapo wanafunzi wa Kijerumani waliokataa kumpa heshima ya mwalimu kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 1905 akaiacha kazi hiyo. Mwaka huo huo alisafiri na mke wake, Mjerumani, kurudi Afrika Mashariki; wenye serikali hawakumruhusu kushuka Dar es Salaam. Chuo kiliitaka lugha iliyomo kinywani mwake, kikamwona mwenye kinywa kuwa ni wa ziada.

Pwani hukisimulia kisa hicho kwa uchungu, na ina haki. Hata hivyo, uchungu wa kuachwa nje ungepaswa kumfanya mtu awe mwepesi wa kumfungulia mwenziwe. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Watu wa Mvita walinung'unika, na manung'uniko yao hayajesha. Visiwani kwenyewe, Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba vilionekana kuwa vya shamba mbele ya lugha ya mji. Inafaa kukumbusha kwamba Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwisha kuzitolea kamusi lahaja hizo tatu. Kwa kazi hiyo limeonyesha kuwa lahaja haipotezi hadhi kwa kuandikwa. Hupotea kwa kutoandikwa.

Ubishi wa pwani na bara katika ushairi nao una fundisho lake. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, waungwana wengi wa vina na mizani waliona kwamba nyumba yao imevunjwa mlango. Maneno makali yalisemwa pande zote mbili. Baada ya nusu karne, mpenzi wa ushairi anaweza kukubali bila ya kuona haya kwamba lugha haikupungukiwa. Shairi la arudhi lipo, na shairi huru lipo. Na Mulokozi yule yule aliyeitwa mvunjaji ndiye aliyekuja kuwahudumia Liyongo na Mwana Kupona kwa uhariri wake. Mtu wa Kagera amewafasiria vijana Kiamu. Deni hilo pwani haijalilipa.

Ujiji, kwa bahati mbaya, iliangukia katikati ya ubishi huo. Kwa watu wa pwani ilikuwa ni bara, tena bara ya mwisho, mwisho wa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa wanamapinduzi wa ushairi haikuwa bara ya kutosha: ilikuwa na maulidi, kasida na mabaraza ya wazee, mambo waliyoyahesabu kuwa ya Waswahili wa mwambao. Mji uliojenga upwani wake mbali na bahari haukuwa na upande wa kuutetea.

Na katika tafsiri? Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise ya mwaka 1994, ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli. Ni tukio la kushukuriwa, maana mwana wa Zanzibar aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Uingereza amerudishwa nyumbani kwa lugha yake. Riwaya hiyo inaupeleka msafara hadi Ziwani na kuuvusha. Huko Chatu, mtawala aliyekwisha dhulumiwa na mfanyabiashara aliyetangulia, anaizuia mali ya msafara na kutoa mashitaka yake. Gurnah amefanya jambo ambalo Tippu Tip hakulifanya: amemwachia mtu wa Ziwa nafasi ya kushitaki. Hata hivyo mashitaka hayo yanatufikia kwa kupitia mkalimani, mbele ya masikio ya watu wa pwani. Msomaji wa Kigoma akiyasoma kwa Kiswahili ana haki ya kuuliza: babu zetu walipokuwa peke yao, bila ya msafara kuwasikiliza, walisema nini, na kwa Kiswahili kipi?

Njia ya kulijibu swali hilo imekwisha kuonyeshwa, ingawa mbali. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, historia ya mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kwa Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa kama ilivyoandikwa, akaiwekea tafsiri na maelezo, bila ya kuisanifisha. Aliyazingatia maneno ya wapishi na madobi kwa makini yale yale ambayo wengine huyaweka katika miswada ya masharifu. Hakuna sababu ya maana kwa nini kazi kama hiyo isifanyike Ujiji, na ifanywe kwa Kiswahili.

Yapo mapingamizi, na si ya kipuuzi. Mtihani unahitaji kipimo kimoja, sheria na hospitali zinahitaji maneno yenye maana moja, na mfasiri asiye na kamusi ni baharia asiye na dira. Kiswahili Sanifu kimeipa Tanzania faida kubwa, na hakuna haja ya kukibomoa. Lakini usanifu ni wa kuandikia barua na ripoti. Haukupata kuwa sharti la ushairi. Lau ungekuwa sharti, Muyaka angefeli. Idara inaweza kumtaka mwanafunzi aandike tasnifu yake kwa lugha sanifu, na wakati huo huo ikaweka katika orodha ya kusomwa matini za Ujiji zenye sherehe ya maneno, kama zilivyowekwa za Lamu.

Mkoa wa Kigoma unalifanya jambo hili lisiwe la vitabuni tu. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake huko, na mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa fedha za Benki ya Dunia umeingiza ndani yake kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mkoani humo. Daktari atakayefundishwa pale atasikiliza maumivu yanayoelezwa kwa Kiha na kwa Kiswahili cha Ziwani. Asipofunzwa kuziheshimu lugha hizo, atasikia nusu. Wilayani Kasulu iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kwa miaka mingi watoto wa wakimbizi wamesoma kwa mitaala ya nchi walikotoka wazee wao, na njia ya kutoka madarasa hayo kwenda chuo kikuu cha Tanzania ni nyembamba mno. Kiswahili chao ni kile kile kilichovuka Ziwa na waungwana wa karne ya kumi na tisa. Kimerudi, na kimekuta hakina jamaa.

Hasara ya kuiacha Ujiji nje haiwaangukii watu wa Ujiji peke yao. Na utazamwe mwezi. Katika ushairi wa mwambao mwezi mpevu ni uso wa mpendwa, ni uzuri usio na kasoro, na mwanafunzi hufundishwa kuusoma hivyo. Ziwani dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri. Mwezi ukipevuka, mwangaza wa taa hauna nguvu tena ya kuwakusanya dagaa, nyavu huanikwa, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakingoja giza. Kwa mke wa mvuvi wa Kibirizi, mwezi mpevu ni siku za sufuria tupu, na pia ni siku ambazo mume yuko nyumbani. Sitiari moja imebeba njaa na mapenzi pamoja. Msahihishaji asiyeijua Kigoma, akiletewa shairi linalosema hivyo, ataandika pembeni kwamba taswira haikulingana.

Na kumbe wavuvi wa dagaa wa Unguja nao wanaujua mwezi huo. Nao hutazama juu na kungoja giza, na ushairi wa visiwani, pamoja na wingi wake, umeshughulika na uso wa mpendwa kuliko na sufuria zao. Neno la Ujiji likiingia chuoni na maelezo yake, huenda mtu wa kwanza litakayemfungulia mlango akawa ni jirani wa karibu, aliyekuwa akipita mbele ya baraza kila alfajiri na ndoo yake kichwani, asiulizwe kitu.